UZI: Ahmedabad ya uchochoroni. Msikiti wa Msidi, visima vya ngazi, na vitu ambavyo watu wetu wanavipita kila siku bila kuviona

#1 Mguu_Niponye

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Kila nikipita humu nakuta mtu anaulizia India na maswali ni yale yale, hospitali ipi nzuri, chuo kipi ada nafuu, simu bei gani. Sawa, ndo yanayotupeleka. Mimi nimesoma Ahmedabad miaka miwili, na mwaka mzima wa kwanza nilikuwa mtu wa hosteli, darasani, moli, basi. Jumapili moja mwezi wa tano umeme ukakatika hosteli, na joto la mwezi wa tano kule sio la kitoto (huu mji 2016 uligonga nyuzi 48), nikatoka nje nikapanda bajaji nikamwambia dereva nipeleke mji wa zamani, popote tu. Akanishusha Lal Darwaza. Kuanzia siku hiyo karibu kila wikiendi nilikuwa kule natembea kwa miguu, na haya ninayoandika kuna jamaa tumekaa nao chumba kimoja wamemaliza digrii wamerudi nyumbani hawajayaona.

Nianze na kilichonikamata.

Pale pale Lal Darwaza kuna msikiti mdogo, umekaa kama kipilefti, bajaji na pikipiki zinauzunguka zinapiga honi mpaka kichwa kinauma. Kwa mbele hauna mbwembwe yoyote, mi nilitaka kuupita. Nikaingia kwa sababu nilitaka kivuli, nilivua viatu nikakaa chini, alafu nikainua macho kwenye ukuta wa kibla. Kule kibla ni magharibi, kwahiyo alasiri jua linapiga ule ukuta kwa nyuma, na ukuta wenyewe una madirisha ya nusu duara ya jiwe yaliyotobolewa, wenyewe wanaita jali. Moja limechongwa mti, shina linaanzia chini, matawi yanajikunja, yanapishana, yanarudi yanajifunga tena, na mtende umejipenyeza katikati yake. Yaani jiwe hilo, sio mbao. Mnaijua kofia ya mkono ya Unguja, ile ya matobo ambayo mama anashona miezi? Sasa chukua kazi ile ifanye kwa jiwe, iwe kubwa kuliko mlango. Jua likipita kwenye matobo, majani yanaanguka kwenye sakafu, na unaweza kukaa ukayaangalia yanavyosogea taratibu mpaka yanafika kwenye mguu wako.

Nikamuuliza mzee aliyekuwa anafagia, nani kajenga hapa. Akaniangalia, akacheka, akaninyooshea kidole mimi. Akasema, Sidi.

Nikadhani ananitania rangi, maana nimeshazoea. Kumbe anajibu swali, Sidi ndo wanavyoitwa kule watu wenye asili ya Afrika. Msikiti unaitwa Sidi Saiyyed, umejengwa 1572 kwenda 1573, na aliyejenga alikuwa Mhabeshi, mtu wa jenerali mwingine Mhabeshi anaitwa Bilal Jhajar Khan, kwenye jeshi la sultani wa mwisho wa Gujarat, jimbo lenye huu mji. Mwaka ule ule Akbar, mfalme wa Wamoguli, akaja na jeshi lake na usultani ukafia hapo. Ukuta ule una matao matano, la katikati limezibwa kwa mawe matupu, halina nakshi. Watu wa pale wanasema vita ilimkuta fundi hajamaliza.

Na mchoro wa ule mti ndo umezaa nembo ya IIM Ahmedabad, chuo cha biashara kinachogombaniwa India nzima. Kwahiyo vijana wanakesha wanasoma ili waje wavae nembo iliyotoka kwenye dirisha la Mwafrika, na wengi hawana habari.

Nimechoka kutype, nakuja na visima na chochoro.

#2 kijana_wa_Buza

Nimeweka kiti mbele kabisa. Tiririka mkuu.

#3 Mzee_Kijiwe

Uzi mzuri ila niulize la maana, bia zinapatikana?

#4 Mguu_Niponye

Mzee Kijiwe huko usiende, utakufa na kiu. Gujarat pombe ni marufuku tangu jimbo lianzishwe 1960, mgeni anaweza kuomba kibali maalum ila ule mlolongo wake bora unywe chai. Na chai yao sio ya kitoto, kaglasi kadogo, tangawizi, maziwa, unakunywa umesimama.

Tena kwa chai kuna sehemu inaitwa Lucky, hatua chache tu kutoka kwenye ule msikiti. Humo ndani kuna makaburi. Sio nyuma ya hoteli, NDANI, katikati ya meza, yamepakwa rangi ya kijani yamezungushiwa vyuma vifupi. Eneo lilikuwa makaburini, hoteli ikajengwa makaburi yakabaki pale pale, na mhudumu anayakwepa na sinia la chai bila hata kuangalia chini. Ukutani kuna mchoro wa M. F. Husain, yule mchoraji mkubwa wa India, aliwapa mwenyewe alikuwa anapenda kukaa hapo. Agiza chai na mkate wa siagi. Siku ya kwanza nilikunywa haraka haraka, ya tatu nikawa naegemea kale kachuma.

#5 SheikhKahawa

Hapo kwenye makaburi umeniacha hoi 😂😂 ila mkuu swali, hawa Wasidi ni Wahabeshi au ni sisi Wabantu? Maana nimewahi kuona video wanapiga ngoma nikajua hawa ni wa kwetu kabisa.

#6 Mguu_Niponye

Sheikh, wote wawili, inategemea unaongelea karne gani. Wale wa enzi za masultani wengi walitokea Uhabeshi, waliuzwa au walikuja kama askari na baadhi wakapanda mpaka kuwa majenerali na matajiri wa kujenga misikiti. Baadae, Waarabu na Wareno wakachukua watu wa pwani yetu na bara yake, hao ndo wengi wa vizazi vinavyoonekana leo vijijini. Lugha yao sasa ni Kigujarati, dini wengi Waislamu. Ila ile ngoma yao wanaiita GOMA. Hivyo hivyo, goma. Wanacheza wanarusha nazi juu wanaipasua kwa kichwa.

Ziara yao kubwa haiko Ahmedabad, iko Ratanpur upande wa Bharuch, kaburi la Bava Gor. Huyu bwana habari zake ni kwamba alikuwa Mhabeshi mfanyabiashara wa akiki, na ile milima ndo inakochimbwa akiki. Jiwe linatoka pale linaenda kuchongwa shanga Khambhat, na shanga za Khambhat zimepanda majahazi karne na karne mpaka pwani yetu. Kwahiyo zile shanga nyekundu wanazofukua Kilwa, mlinzi wake kule zinakotoka ni mtu mweusi. Nilivyoliunganisha hili nilikuwa ndani ya basi, nikaanza kumwelezea jirani yangu kwa Kiswahili, masikini hakuelewa hata neno.

#7 mpingaji_mkuu

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Unaenda India kushangaa visima na misikiti, hiyo Kilwa yenyewe ushafika? Kunduchi magofu ushafika? Tunasifia vya watu vyetu vinaota majani.

#8 Mguu_Niponye

Mkuu umenipiga penyewe. Kilwa sijafika, nimefika Kunduchi mara moja kwenye harusi ya hotelini hata magofu sikuyaona. Ila uelewe sikwenda India kutalii, nilikwenda shule, umeme ndo ukanitoa nje.

#9 Dada_wa_Makadara

Mimi ni wa Mombasa, nilisoma Vadodara lakini Ahmedabad tulikuwa tunaenda sana. Naongezea kitu ambacho nyinyi wanaume hamtaona. Pale kwa Sidi Saiyyed mimi niliambiwa nisiingie ndani, nitazame kutoka nje. Nilikasirika, nikazunguka nyuma upande wa barabara, na kumbe huko ndiko lile jali linaonekana zima bila nguzo kukukinga. Kwa hivyo akina dada msikate tamaa, zungukeni nyuma.

Kwa Ahmad Shah pia (yeye ndiye mwenye mji, aliuanzisha 1411) kaburi lake liko Manek Chowk, chumba cha katikati wanawake hatuingii. Haya. Lakini vukeni barabara muende kwa wake zake. Panaitwa Rani no Hajiro, makaburi ya malkia. Hamtapaona! Maana kumezungukwa na maduka ya nguo pande zote, unapita kati ya lehenga na vitambaa vya vioo vioo, unapanda ngazi, unafungua kimlango, mara kelele yote inabaki nje na wewe uko uani, makaburi ya marmar yamejipanga, mbuzi mmoja amelala. Hiyo ndiyo Ahmedabad. Mimi nililia pale, sijui kwa nini, pengine ni njaa.

#10 kijana_wa_Buza

Pengine ni njaa 😂😂😂 dada umetisha

#11 Mguu_Niponye

Dada wa Makadara asante sana, hilo la nyuma ya msikiti sikulijua. Na Manek Chowk ndo sokoni kwenyewe, asubuhi mboga na ng'ombe wanakula maganda, mchana vito na dhahabu, usiku meza zinatolewa panakuwa pa kula mpaka saa saba usiku huko. Uwanja ule ule mmoja.

Jina limetokana na fakiri wa Kihindu aliyeitwa Maneknath. Ahmad Shah anajenga ukuta wa mji, huyu fakiri mchana anafuma mkeka. Jioni anaufumua, na ukuta nao unaanguka. Kesho tena hivyo hivyo. Sultani akamwita, akamwambia kwa ujanja, wewe kama kweli una uwezo hebu ingia kwenye hiki kibuyu. Jamaa akaingia. Sultani akaziba mdomo akazika. Ni hadithi hiyo, nami nimeipokea kwa muuza vitunguu, ila baada ya kumtenda hivyo wakampa uwanja na buruji ya ukuta ziitwe jina lake, kwahiyo lilimkaa rohoni.

Sasa chochoro. Mji wa zamani umegawanyika kwenye mitaa midogo inaitwa pol. Kila pol ina lango lake, juu ya lango kuna chumba cha mlinzi, ukiingia njia inapinda inapinda, nyingine haiendi popote, nyingine inakutokea mtaa mwingine kabisa kwa kakipenyo ambako mgeni hawezi kukajua. Nyumba ni za mbao zilizochongwa, nguzo, mabano, milango, mtu wa Lamu au Mji Mkongwe atasimama kila hatua. Katikati ya nyumba kuna uwazi, na chini ya ule uwazi kuna tangi wanaita tanka, masika maji ya paa yote yanaingia humo wanayatumia mpaka masika mengine. Na kila pol ina chabutro, nguzo ndefu yenye kibanda juu kama kizimba cha njiwa, ni ya kulishia ndege! Walipokata miti wajenge nyumba wakasema ndege watakula wapi, wakawajengea.

Ukitaka kuongozwa, manispaa ya jiji ina matembezi ya asubuhi tangu Novemba 1997, yanaanzia hekalu la Swaminarayan la Kalupur (1822, mbao za msaji kutoka Burma, rangi kama keki) yanaishia Msikiti wa Ijumaa wa 1424 wenye nguzo 260. Masaa mawili na nusu hivi. Mi nilienda, ni mazuri, ila yanakimbia. Rudi mwenyewe baadae upotee vizuri. UNESCO waliusajili mji wote wa zamani 2017, wa kwanza India nzima.

Alafu nilipopotea ndo nikampata yule mama. Nimesimama kwenye pol moja nasoma gugo mapu, imeganda, bibi mmoja amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo, ananiangalia tu. Mara akamgeukia mkwewe ndani akapiga kelele kwa Kigujarati, na katikati ya Kigujarati nikasikia FAGIO. Nikasema nimesikia vibaya. Akarudia tena, fagio, na yule mkwe akatoka na kisu. Bibi akapiga kofi pajani, akaniambia, "Miaka kumi mimi naambia yeye fagio, yeye naleta kisu." Kiswahili!! Amezaliwa Jinja huyu, waliondoka 1972 enzi za Amin, wenzao wengi wakaenda Uingereza mumewe akataka kurudi kwao. Sufuria, kisu, fagio, machungwa, kwake hayo yote ni Kigujarati, kakua nayo jikoni, na binti wa watu kaolewa kutoka Surat anakuta jiko lina lugha nyingine. Nilikula pale ganthia na chai mpaka magharibi. Alikuwa ananiuliza bei ya matoke.

#12 SheikhKahawa

"Miaka kumi mimi naambia yeye fagio" hii nimeisoma mara tatu kwa sauti ya muhindi wa duka la kona 🤣 ahsante mkuu

#13 Bint_Mwinyi

Habari zenu. Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi tu. Niko Ahmedabad sasa hivi, nimemleta baba kwa upasuaji, Alhamdulillah umeenda vizuri, ila kuna wiki mbili za kusubiri na mimi kazi yangu ni kukaa kwenye benchi. Saa za kutembelea wagonjwa ni jioni, mchana nipo huru. Kaka mtoa mada nipe kimoja tu cha kwenda kesho, kisicho mbali na Kalupur. Na bajaji nisiibiwe, jana kuna mmoja kanizungusha hata sijui wapi.

#14 Mguu_Niponye

Bint Mwinyi pole na kuuguza, mpe mzee shikamoo yangu. Bajaji mwambie awashe mita, akikataa shuka kuna nyingine nyuma yake. Ama panda mwendokasi yao, Janmarg, ipo tangu 2009, sisi ya kwetu Dar imeanza 2016, utajisikia nyumbani mpaka kwenye kusukumana.

Kesho nenda Asarwa, kisima cha Dada Harir. Usitegemee kisima cha ndoo. Kwa juu unaona kibanda cha mawe na watoto wanacheza kriketi. Alafu ardhi inafunguka, ngazi zinashuka, zinashuka, ghorofa tano kwenda CHINI, kila ghorofa ina nguzo zilizochongwa maua, na unavyoshuka joto linabaki juu, ngozi inapoa, sauti ya kriketi inapotea. Kule mvua inanyesha miezi mitatu minne alafu basi, maji ya ardhini yanapanda na kushuka, kwahiyo badala ya kamba ndefu wakajenga ngazi, maji yakiwa juu unashuka kidogo yakishuka unayafuata. Misafara ilikuwa inapumzika humo. Siku hizi maji yamekimbilia chini sana, vingi ni vikavu.

Kakijenga mwanamke, Bai Harir, msimamizi wa nyumba ya wanawake ya Sultan Mahmud Begada, mwisho wa karne ya 15. Ameandika ukutani kwa Kiarabu upande mmoja na Kisanskriti upande wa pili, na bei kaandika, Mahmudi 329,000, hela ya wakati ule. Nampenda huyu mama kwa hiyo risiti. Watalii wote wanapelekwa Adalaj, nje ya mji kilomita 18 hivi, ni kizuri zaidi kwa nakshi sikatai, ila utakuta watu mia wanapiga selfi. Dada Harir nimewahi kukaa saa nzima peke yangu na njiwa. Nenda saa tano kuelekea saa sita, jua linaingia mpaka chini.

Karibu na stesheni ya Kalupur pia kuna minara miwili ya msikiti wa Sidi Bashir, Sidi mwingine huyo umeona. Msikiti umeshabomoka imebaki minara na lango. Zamani ukipanda mmoja ukautikisa, baada ya sekunde chache na mwingine unatikisika wenyewe. Waingereza waliufungua mnara wa msikiti mwingine, ule wa Raj Bibi kule Gomtipur, wajue siri yake, wakashindwa kuurudisha, basi. Siku hizi hupandi, unatazama tu.

#15 mpingaji_mkuu

Haya ya Waingereza kufungua na kushindwa kufunga nimeikubali. Endelea.

#16 Dada_wa_Makadara

Bint Mwinyi ukiwa mtaa wa Khamasa angalia sinagogi, Magen Abraham, 1934, ndilo pekee Gujarat nzima, na mbele yake ni hekalu la moto la Waparsi, wale wa dini ya kale ya Uajemi. Kwenye sinagogi bisha hodi tu. Usiku pita Teen Darwaza, ile milango mitatu, kwenye tundu la ukuta kuna taa. Wanasema Lakshmi, mungu wao wa mali, alitaka kuuhama mji usiku, mlinzi Muislamu akamwambia subiri nikaombe ruhusa kwa mfalme, akaenda kwa mfalme akakatwa kichwa kwa hiari yake ili asirudi kumfungulia. Familia ya Kiislamu ndiyo inayoiwasha taa hadi leo.

Na makumbusho ya vitambaa ya Calico weka nafasi mapema sana, simu unaacha mlangoni, Jumatano wamefunga. Ukienda bila miadi utarudi na hasira kama mimi.

#17 Bint_Mwinyi

Nimerudi na ripoti. Mita aliwasha baada ya mimi kushuka na kupanda mara mbili.

Dada Harir nimefika saa tano na nusu. Nimeshuka mpaka chini, ghorofa ya nne kuna mahali mkono unapita kwenye nguzo jiwe limelainika kama sabuni, nikajua hapa kila mtu alikuwa anashika. Nikakaa. Tangu tumekuja India wiki ya tatu hii ndo mara ya kwanza sijasikia honi. Nililala kabisa, mtoto wa kriketi ndo aliniamsha anatafuta mpira wake.

Jioni nimemwonyesha baba picha za jali. Baba alikuwa seremala, milango, vitanda vya besera. Amezikuza zile picha na vidole viwili, ameangalia muda mrefu, hasemi kitu. Alafu akaniuliza, huyu fundi alianzia wapi kutoboa, katikati au pembeni? Sikuwa na jibu. Sasa hataki kusikia habari ya kurudi Dar kabla hajaenda kuliona, na daktari kasema siku nne mbele anaweza kutembea taratibu.

Kaka, pale msikitini kuna ngazi nyingi za kuingilia? Na yule bibi wa fagio ni pol ipi, nimeona sokoni fagio nzuri nataka nimpelekee.

#18 Mguu_Niponye

Ngazi ni chache tu mzee ataziweza, ila mpeleke baada ya alasiri, na umwambie akae upande wa kushoto karibu na nguzo. Ya bibi nimekutumia inboksi. Ukifika kwenye chabutro ya kijani usigonge mlango, piga kelele tu kwa Kiswahili atatoka.